Kilimi Kilichokatika

Printa ya nyumbani ikianza kugoma, watu hushuku wino kwanza, halafu umeme, halafu mtoto wa jirani. Mara nyingi mkosaji ni kipande cha plastiki kisichofika urefu wa njiti ya kiberiti: kilimi cha mlango, sikio la trei, bawaba ya skana, jino moja la gia. Mota inazunguka, taa inawaka, kompyuta inaitambua printa, na karatasi haitoki. Dukani unaambiwa kipande hicho hakiuzwi peke yake, kinakuja na kava zima; kava zima nalo halipo mjini. Ushauri unaofuata ni ule ule siku zote: nunua nyingine.

Arusha inakula karatasi kuliko mabango ya watalii yanavyoonyesha. Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa tarehe 30 Novemba 1999. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilifanya kazi zake hapa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo mpaka leo. Hizo ni karatasi za wakubwa. Za wadogo zina wingi wake: ratiba ya safari ya Ngorongoro kutoka kampuni yenye gari moja na ofisi sebuleni, mtihani wa majaribio wa mwalimu wa Usa River, bajeti ya kamati ya harusi, nota za kwaya, daftari la kikoba lililohamishiwa kwenye kompyuta na bado wanachama wanataka kulishika mkononi. Nyuma ya kila karatasi ya namna hiyo kuna printa ndogo juu ya stuli karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na haina dhamana tena.

Fundi ninayependa kumtazama akiwa kazini ana meza moja nyuma ya steshenari, upande wa Kaloleni. Alianza kwa kujaza tona, kazi inayochafua mikono na kulipa haraka, akaishia kwenye plastiki, kazi safi inayolipa polepole. Juu ya meza kuna vitu ambavyo nusu yake ungevikuta kwenye mkoba wa mama yeyote: sindano, tupa ya kucha, vibanio vya karatasi, uzi, mshumaa. Nusu nyingine ni pasi ya kuchomelea risasi, bisibisi ndogo, msasa, spiriti, kichupa cha asitoni, supagluu, na tyubu mbili za Araldite zilizokunjwa mpaka shingoni. Chini ya meza yapo maboksi ya maganda ya printa zilizokufa. Hakuyapanga kwa majina ya kampuni. Ameyapanga kwa aina ya plastiki, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Akipewa kipande kilichovunjika, kitu cha kwanza anakigeuza. Upande wa ndani, mahali ambapo mwenye printa hajawahi kutazama, kiwandani waliacha herufi zilizobonyezwa katikati ya vichwa viwili vya mshale: >ABS<, >PS<, >POM<, >PC+ABS<. Ni utaratibu wa kimataifa, ISO 11469, uliowekwa ili wanaokusanya plastiki chakavu wajue wanashika nini. Yeye anazisoma kwa haja nyingine. Zinamwambia gundi ipi itashika na ipi itamdanganya kwa siku mbili halafu iachie. ABS, ambayo ndiyo maganda na milango mingi, inayeyuka kwenye asitoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha saluni. POM, nyeupe ya maziwa, ndiyo gia nyingi. Imetengenezwa iteleze bila mafuta, na kwa sababu hiyo hiyo gundi nayo huteleza juu yake.

Herufi zisipokuwepo, ananyoa uzi mwembamba wa plastiki kwa wembe, anaushika kwa koleo na kuuwasha, kichwa kikiwa pembeni. ABS na polistirini huwaka kwa moshi mweusi wenye masizi yanayoelea hewani. POM huwaka kimya, kwa mwali wa bluu ambao mchana huuoni vizuri, na harufu yake inapanda moja kwa moja puani na machoni. Ni gesi ya fomaldehidi, jamaa wa dawa ya kuhifadhia maiti. Chalii anayejifunza kwake aliwahi kuinamia mwali huo achunguze kwa karibu. Siku hizi haambiwi mara mbili.

Kazi iliyonifanya niandike haya ilikuwa ya mwalimu mmoja mtu mzima aliyeteremka kwenye daladala na printa ya leza imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hii inaniambia mlango uko wazi. Mlango nimeufunga, nimeukandamiza, nimeuwekea kamusi juu. Bado uko wazi."

"Kipande kipo?"

Kilikuwepo, kimekunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Fundi akatabasamu kabla hata hajaifungua mashine, kwa maana kipande kilichopotea ni nusu ya kazi.

Mlango wa printa ya namna hii una kilimi upande wa ndani. Ukifungwa, kilimi kinaingia kwenye tundu jembamba na kusukuma swichi iliyofichwa. Swichi isiposukumwa, mashine inakataa kufanya lolote. Mtu fulani alikuwa amemshauri mwalimu atafute njia ya mkato: swichi ibanwe kwa kipande cha karatasi na selotepu, iamini mlango umefungwa maisha yake yote. Ni ushauri unaotolewa sana mjini na unafanya kazi. Fundi anaukataa, na anaukataa bila kumdharau aliyeutoa. Ile swichi inakata umeme mkubwa wa ndani pamoja na leza mlango unapofunguliwa. "Mwanga wake huuoni, mwalimu," akasema, "lakini jicho linaupokea." Ni kweli. Printa ya leza inahesabiwa kuwa salama kwa sababu mwanga umefungiwa ndani. Leza yenyewe ina nguvu ya kudhuru jicho, na nyingi hutoa mwanga ulio nje ya rangi tunazoziona, kwa hiyo hata kope hazipati sababu ya kufumba.

Basi kilimi lazima kirudi. Mimi ningechukua supagluu. Yeye alichukua kioo cha kukuzia na kukaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mwalimu alianza kusahihisha madaftari.

Uso wa plastiki iliyovunjika una habari nyingi kwa anayejua kuusoma. Pale ilipopinda kabla ya kukatika, rangi inapauka na kuwa nyeupe, na weupe huo unaonyesha upande uliovutwa. Pale ilipokatika siku nyingi, ukingo ni mweusi, umelowa vumbi na tona. Pale ilipokatika juzi, ni safi na unang'aa. Kilimi cha mwalimu kilikuwa na sehemu kubwa nyeusi na ukanda mwembamba safi. Maana yake kilikuwa kimeshapasuka zamani na kimekuwa kikifanya kazi kwa kushikiliwa na ule ukanda, kila mlango ukifungwa ufa ukisogea kidogo. Ufa wenyewe ulianzia kwenye kona ya ndani, pale kilimi kinapoota kutoka kwenye mlango. Kona hiyo ilikuwa kali, pembe mraba kabisa. Nguvu zote za kusukuma swichi hukusanyika kwenye kona ya namna hiyo, na mchoraji wa kiwandani angeizungusha kidogo tu, kilimi kingedumu kuliko mota.

Hapa ndipo ufundi wake unapotofautiana na kubandika. Ukigundisha mpasuko ulivyokuwa, unairudisha ile ile kona kali, dhaifu zaidi ya mwanzo, na unampangia mteja tarehe ya kurudi. Fundi alikuwa anatafuta njia ya nguvu: inatoka wapi, inapita wapi, inaishia wapi. Akishaijua ndipo anapoamua wapi pa kuongeza nyama. Nimewaona mafundi seremala wakikitazama kiti kwa jicho hilo, na fundi baiskeli mzuri hutazama hivyo fremu iliyokatika. Kwa plastiki ni nadra, nadhani kwa sababu tumeizoea kama kitu cha kutupa.

Umri nao ulikuwa umeshafanya yake. Ndani ya ABS kuna chembe za mpira, polibutadieni, zinazoipa uwezo wa kupinda bila kukatika. Jua na hewa huushambulia mpira huo kwanza; plastiki inageuka njano, halafu inakuwa ngumu na kavu. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, jua lake ni kali kuliko baridi ya asubuhi inavyokudanganya, na stuli ya printa iko pale pale dirishani. Ongeza Julai, wingu la Mlima Meru likiwa limekaa juu ya mji, ambapo plastiki iliyozeeka hukatika kwa urahisi zaidi kuliko Februari. Ongeza vumbi. Udongo wetu ni majivu ya volkano, mlima huu ulitema mara ya mwisho mwaka 1910, na upepo wa kiangazi huyaleta mpaka kwenye bawaba. Mlango unakuwa mgumu, mtu anaukandamiza kwa kiganja, na kilimi ndicho kinacholipa.

Alianza kwa kuosha pande zote mbili kwa spiriti na brashi ya meno, mpaka ule weusi ukatoka. Akaunganisha kipande na mlango vikiwa vikavu, bila gundi, akavishika dhidi ya taa kuona kama mwanga unapita. Haukupita, hakuna kilichopotea. Akanyoosha kibanio cha karatasi, akakata vijiti viwili vifupi, akavipasha moto kimoja kimoja na kuvizamisha ndani ya kilimi, sambamba, vichwa vikiwa nje. Upande wa mlango akatoboa matundu mawili ya kuvipokea kwa sindano iliyopashwa. Matundu hayo yakikosea nywele moja, kilimi kitakaa upande. Alikosea moja, akaliziba, akatoboa tena pembeni yake, bila kuguna.

Gundi yenyewe alikuwa nayo kwenye kichupa cha dawa ya macho: vinyoleo vya ABS ndani ya asitoni, vilivyoachwa mpaka vikawa uji mzito. Vinyoleo hivyo hutoka kwenye ganda la rangi ile ile, na ikiwezekana kwenye ubavu wa ndani wa mashine hiyo hiyo, mahali pasipobeba kitu. Uji huo unalainisha nyuso zote mbili, zinaingiana, na asitoni ikiruka kinachobaki ni plastiki ile ile iliyoungana na nduguye. Kwenye ile kona kali aliupaka kwa tabaka nyembamba, akisubiri kila moja ishike, mpaka pembe mraba ikawa mteremko mdogo, mfano wa mzizi wa mti unapoingia ardhini. Hakuharakisha. Tabaka nene hufunga juu na kubaki bichi ndani, na asitoni iliyonaswa huendelea kuidhoofisha plastiki kutoka chini. Akaweka mlango juu ya rafu na kumwambia mwalimu aje kesho.

Kuna njia ya haraka na hakuitumia. Supagluu ukiinyunyizia unga wa baikabonati, ule wa maandazi, ndugu wa magadi ya Ziwa Natron, inaganda papo hapo kwa joto linalosikika kidoleni, ngumu kama jiwe. Baikabonati ni alkali, na supagluu huganda ikikutana na alkali au hata unyevu kidogo wa hewani. Fundi anautumia mchanganyiko huo kuziba tundu la skrubu lililoliwa, halafu anatoboa upya. Kwa kilimi hautakiwi, kwa sababu ugumu huo hauvumilii kupindishwa, na kazi ya kilimi ni kupinda kidogo kila siku. Kwa bawaba ya skana, ambayo inabeba uzito na kuvutwa, ana njia ya tatu: pini za stepla zinalazwa kukatisha ufa na kuzamishwa kwa ncha ya pasi ya risasi, dirisha likiwa wazi.

Kesho yake palibaki suala la urefu. Kilimi kikiwa kirefu mno kinaisukuma swichi mpaka inavunjika, kikiwa kifupi hakiifikii. Akalainisha donge la nta ya mshumaa, akalibandika mwisho wa kilimi, akafunga mlango taratibu, akafungua. Nta ilikuwa imebonyea kulingana na nafasi halisi iliyopo. Akaipima kwa jicho, akapitisha tupa ya kucha mara chache, msasa juu yake, akarudia. Swichi ya aina hii ina mlio mdogo sana inapobonyea, na mlango una mlio wake mkubwa unapojifunga. Alitaka wa swichi uje kwanza, kidogo tu, ndipo ule wa mlango. Ikija pamoja, alisema, printa itakuwa na siku zake. Mwalimu alichapa ukurasa mmoja, akausoma wote, akatoa kalamu nyekundu na kusahihisha kosa lililokuwa lake mwenyewe.

Gia ni hadithi ngumu zaidi, na kwa kweli ndiyo inayopima kiburi cha fundi. POM haiyeyuki kwenye asitoni, gundi haiishiki, na jino lililokatika linazunguka na kurudi pale pale tena na tena kwa kila ukurasa. Wapo wanaotoboa, wanapachika vipande vya sindano, wanajaza Araldite na kuchonga jino jipya. Fundi wetu ameyafanya hayo, na anayaonyesha kwa fahari kwenye gia moja aliyoihifadhi. Siku hizi anapenda zaidi kuhesabu meno, kupima kipenyo, na kuchimba kwenye maboksi ya chini ya meza. Printa za kampuni moja mara nyingi hurithishana gia toleo hadi toleo hata ganda likibadilika sura, na ofisi zinapouza vifaa chakavu kwa mnada, anachonunua yeye ni gia. Mashine zinakuja nazo kama vifungashio. Gia akishaipata haipaki mafuta ya kupikia, ambayo wateja humimina kwa nia njema na ambayo yakishakunywa vumbi la Meru hugeuka msasa.

Utauliza kwa nini vipande hivi visitengenezwe tu hapa hapa. Mji una Chuo cha Ufundi tangu 1978 na shirika la TEMDO, lililoundwa 1980 hasa kwa ajili ya kubuni mitambo. Tatizo ni ukungu wa chuma wa kumiminia plastiki: gharama yake inaeleweka ukitoa vilimi laki moja, na Arusha inahitaji kimoja leo na kingine, cha printa nyingine, Jumanne. Kwa mahitaji ya namna hiyo watu wengi sasa wanaitazama printa ya 3D, na historia yake Afrika inafurahisha. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou aliunda moja kwa vipuri vya kompyuta, skana na printa zilizotupwa. Nairobi, Roy Ombatti na kampuni yake ya AB3D walifuata njia ya vifaa chakavu pia. Mota zinazopiga hatua na vyuma laini vilivyomo ndani ya printa kuukuu ndivyo hasa printa ya 3D inavyovihitaji. Arusha yenyewe ina utamaduni huo. Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyetengeneza chaja ya simu inayozungushwa na gurudumu, alishiriki kuanzisha karakana ya ubunifu ya Twende ili wengine wajifunze kuunda vyao.

Kwa kilimi, hata hivyo, bado ningempa fundi. Kipande cha 3D hujengwa kwa tabaka, na kikipindishwa kando ya tabaka hukatika kirahisi kuliko cha kiwandani. Plastiki inayotumiwa zaidi, PLA, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na printa ya leza ina fyuza, sehemu inayoyeyushia tona kwenye karatasi, inayofika karibu 200 umbali wa viganja viwili. Mtu mwenye 3D na asiyejua kusoma mpasuko atachora upya kona ile ile kali. Mtu anayejua kuusoma akipewa 3D atafanya maajabu, na natamani siku moja nione.

Kazi za sehemu ya fyuza fundi anazikataa zote. Hakuna uji wa ABS utakaovumilia joto lile, na kipande kikidondoka ndani kitayeyuka juu ya rola. Anamwambia mteja wazi, anampa bei ya printa yake kama spea, na wengi hukasirika kabla ya kukubali.

Bei zake za kazi nyingine ndizo zinazonishangaza. Kilimi cha mwalimu kilichukua saa moja ya mikono na usiku mzima wa kusubiri, na alitoza ile saa peke yake, kwa hoja kwamba usiku alikuwa amelala. Kwenye ile saa hakuhesabu dakika alizokaa na kioo cha kukuzia, ambazo ndizo hasa zilizoifanya kazi. Anajipunja, na nilimwambia. Akaniuliza kama nimekuja na printa.